Nazi Mbili, Hatua Mia Sita

Saa za kuhesabu hatua hazina habari na miguu yako. Zinausikiliza mkono. Ukishalijua hilo, mengi yanayowatatiza wavaaji yanafumbuka, na mtu wa Mombasa ana sababu zaidi ya kulijua, maana huku kwetu mkono haupumziki tangu mahamri ya asubuhi hadi mishikaki ya usiku.

Mimi ni karani wa hesabu katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Kutwa nimekaa kitako nalinganisha ankara na risiti, na shilingi ikikosekana siondoki mpaka nijue imeingia wapi. Kwa hivyo shemeji yangu wa Maskati aliponiletea saa ya hatua, wenzangu waliniuliza nataka kupungua kilo ngapi, na mimi hata sikuwa na nia hiyo. Nilitaka kuikagua. Kitu kinachokupa tarakimu kila usiku bila kukuonyesha vocha zake, lazima ukitilie shaka.

Mahali pa kwanza iliponitia mashaka ni jikoni. Nyumbani kwetu Kibokoni nazi bado inakunwa kwa mbuzi. Siku hizi wako wenye mashine, unawapa nazi yako wanakukunia ukiwa umesimama pale pale, na madukani tui liko kwenye pakiti. Lakini mama mkwe wangu anashikilia kwamba tui la mashine lina ladha ya chuma, na katika nyumba yake mimi si wa kubishana kuhusu tui. Basi Jumapili moja nikavuta mbuzi, nikakaa, nikaisoma saa kabla sijaanza, nikakuna nazi mbili za wali na mchuzi wa samaki. Sikuinuka hata kumfukuza paka. Nilipomaliza nikaisoma tena: imeniongezea hatua mia sita na ushei.

Aliyewahi kukuna nazi anajua mikono inavyofanya. Kizio umekikamata kwa viganja vyote viwili. Wa kulia unakandamiza kwenye meno ya mbuzi, wa kushoto unazungusha kidogo kidogo usije ukafika kwenye kifuu ukaitia nazi weusi. Ukiwa mzoefu, mkono unakwenda na kurudi karibu mara mbili kwa sekunde. Mara nyingine niliihamishia saa mkono wa kulia, mambo yakawa yale yale, tena yamezidi. Sasa angalia: mtu anayetembea mwendo wake wa kawaida hupiga hatua 100 hadi 120 kwa dakika, yaani karibu mbili kwa sekunde. Kwa ile saa, mimi nilikuwa njiani naelekea mahali, na kwa kasi nzuri tu.

Ndani ya saa hizi mna kifaa kinachoitwa aksilerometa. Ni kipande cha silikoni kilichochongwa kidogo mno, kinaning'inia kwenye springi zilizochongwa kutoka silikoni hiyo hiyo. Mkono ukienda mbele ghafla, kile kipande kinabaki nyuma kidogo. Mkono ukisita, kinarushwa mbele, kama abiria wa matatu dereva anapokanyaga breki. Kinaposogea, nafasi kati ya visahani vyake inabadilika, na kiasi cha umeme kinachohifadhiwa pale kinabadilika nacho. Hicho ndicho kinachosomwa, makumi ya mara kwa kila sekunde, kwa pande tatu: mbele na nyuma, kushoto na kulia, juu na chini. Basi. Hakuna jicho, hakuna kinachogusa ardhi.

Kinachofuata ni kazi ya programu. Inapokea mawimbi yanayopanda na kushuka, inatafuta vilele, na inajiuliza maswali matatu. Kilele hiki kimepanda vya kutosha? Nafasi kati yake na kilichotangulia inafanana na ya mtu anayetembea? Na je, vimefuatana vingi, au ni kimoja tu cha mtu aliyejikuna shingo? Saa nyingi husubiri zione hatua kadhaa mfululizo ndipo zikubali kuandika, kisha zinaziongeza zile za mwanzo kwa mkupuo. Ndiyo maana ukitembea hatua nne kutoka jikoni hadi ukumbini hupati kitu, na ukitoka nje ukaikodolea macho utaiona imeganda, kisha inaruka kumi kwa pamoja. Haijaharibika. Inakupima nia.

Kukuna nazi kunayajibu maswali yote matatu vizuri kabisa. Na si nazi peke yake. Mwangalie jamaa anayechoma mishikaki anavyopepea makaa. Kipepeo chake kinakwenda kwa mdundo usiobadilika, na akiwa na saa kwenye mkono huo ataandikiwa safari ndefu na hajatoka nyuma ya jiko. Kufua nguo kwa mkono kunahesabiwa. Makofi ya harusini, yakishika ngoma sawasawa, yanahesabiwa. Kukanda unga hutegemea mkandaji. Kitu ambacho nilidhani kingehesabiwa na hakikuhesabiwa ni swala. Mwezi wa Ramadhani nilikwenda tarawehe nayo, rakaa zote ishirini, nikarudi imeniandikia mwendo wa kwenda na kurudi tu na vijihatua vichache. Kurukuu na kusujudu kuna kutulia katikati, hakuna ule mfululizo unaotafutwa. Hizo kuna wanaoziandika.

Hapa nimtaje wifi yangu, kwa sababu ugomvi wote wa nazi umetokana naye. Tuna kikundi chetu cha kina mama cha kutembea kando ya bahari, pale Mama Ngina, mwisho wa wiki, na kikundi kikishakuwepo lazima kuwe na mashindano: kila usiku mtu anapiga picha skrini yake na kuituma. Wifi yangu anauza mahamri na mbaazi mlangoni kwake, anaanza kabla ya adhana ya alfajiri, na mbaazi za nazi haziji bila nazi. Wiki nenda wiki rudi yeye ndiye wa kwanza. Waliotembea kutoka kivukoni hadi Laiti Hausi na kurudi, jasho linawatiririka, wanamkuta juu yao kwa elfu mbili.

Nilipowaeleza kisa cha mbuzi, mmoja akapendekeza wifi awe anavua saa akikuna. Akajibu kwa sauti ya kurekodi, na nyuma yake mafuta yanasikika yakichachatika: "Nivue kwa nini? Nyinyi mwatembea mkipunga upepo, mimi natoka jasho kuliko nyinyi. Kama yahesabu, yahesabu."

Na ana hoja, msimcheke. Kukuna nazi ni kazi, moyo unakwenda mbio na mabega yanauma. Lakini si kutembea. Ukitaka kujua jasho lako, kipime kitu kingine, mapigo ya moyo kwa mfano. Ukiita hatua, iwe hatua. Mimi ni karani. Ya fungu hili siyatii fungu lile.

Ile saa ya kwanza ya wifi, tukiwa hapo hapo, ilikuwa balaa zaidi. Aliinunua katika duka moja la simu mjini kwa bei ya kutupa, na ilikuwa ikiongeza hatua ikiwa mezani usiku kucha. Kabla hujalipa, iweke saa juu ya kaunta, piga soga na mwenye duka, kisha itazame. Ikiwa imetembea, muachie.

Kuzidishiwa kunachekesha. Kupunjwa hakuchekeshi, na huku ndiko saa hizi zinakowaonea watu, hasa watu wenye kutembea kweli.

Mji wa Kale maji ya mfereji hutoka yakitaka yenyewe, kwa hivyo tuna kijana anayetuletea madumu ya lita ishirini kwa mkokoteni. Mtu yule kwa siku moja anatembea kuliko kikundi chetu kizima kwa wiki. Nikamuomba aivae saa yangu kutoka kisimani hadi kwetu, na mimi nikafuatana naye nikihesabu hatua zake kwa tasbihi ya kubonyeza, ile ndogo ya kuvaa kidoleni yenye tarakimu. Mzee mmoja aliyekaa barazani aliniona napita nabonyeza kwa bidii, akaniombea dua nitakabaliwe. Nikaitikia amina. Ningemweleza nini?

Mikono ya mwenye mkokoteni haibembei. Ameukamata mpini, amekaza, mwili mzima umelala mbele, na kazi yote inafanywa na mapaja na nyayo. Kinachofika kwenye kifundo cha mkono ni mtetemo wa gurudumu juu ya vijiwe, na mtetemo huo hauna mpangilio wa mwendo wa mtu, kwa hivyo programu inautupa. Tulipofika mlangoni tasbihi yangu ilikuwa imepita mia nane. Saa ilisema mia mbili na kitu. Alinirudishia akicheka: "Kumbe hata saa yanipunja, dada."

Nikamwambia aitie kwenye soksi tujaribu tena. Akanyanyua mguu akanionyesha champali. Basi tukaitia kwenye mfuko wa suruali, ule wa mbele ulio juu ya paja, na safari iliyofuata tofauti kati ya saa na tasbihi ilikuwa ndogo hata sikuona haja ya kuiuliza. Paja haliwezi kudanganya kwamba halitembei. Tena kwa mtu wa kazi yake hahitaji hata kununua saa: simu nyingi za kisasa zina aksilerometa ile ile, na zikikaa mfukoni, zimebanwa na nguo, zinahesabu vizuri kuliko saa iliyofungwa kwenye mkono unaosukuma.

Toroli la supamaketi ni hadithi ile ile. Kigari cha mtoto pia. Na sisi wanawake tuna yetu: mkoba umeuning'iniza kwenye kiwiko, mkono umekunjwa kifuani chini ya buibui, saa imetulia tuli. Au mkono mmoja umeshika kikapu cha kutoka Marikiti na wa pili umemkamata mtoto asiingie barabarani. Hapo huwi umepoteza hatua zote, maana kisigino kikigonga chini mtikisiko hupanda hadi kwenye mkono, lakini unapoteza za kutosha kukukasirisha. Na anayevuka Likoni asubuhi ajue kwamba ule mteremko wa kuingia ferini, watu wamebanana bega kwa bega, kila mtu anaburura mguu nusu futi nusu futi, saa inauona ni kusimama. Mwendo wa polepole wa kuburura ni adui wa karibu kila saa ya mkononi. Vilele vinakuwa vifupi na vimeachana mno.

Sasa, kuikagua. Watu wananiuliza aina gani ni nzuri na mimi nawajibu wajaribu waliyo nayo kwanza. Nenda mahali tambarare pasiposongamana watu. Mimi naenda Mama Ngina mapema, jua halijapanda juu ya mlango wa bahari, kabla wauza madafu na kachri hawajapanga meza. Tangu pale palipotengenezwa upya mwaka 2019 pana njia pana ya kupita miguu chini ya mibuyu na hakuna pikipiki ya kukukatiza. Simama, isome saa, iandike. Kisha tembea mwendo wako, usijitie kuandamana, ukihesabu kwa mdomo au kwa kubonyeza hadi mia mbili au mia tatu. Mia moja inatosha kwa haraka, ila hatua chache zikikosewa mwanzoni zinaonekana nyingi. Ukisimama, usiisome papo hapo. Ipe sekunde kadhaa imalize kuandika. Toa ya mwanzo kwenye ya mwisho.

Kama uko ndani ya hatua tatu kwa kila mia, umepata kitu kizuri. Hicho ndicho kiwango cha kosa ambacho Wajapani wanakiruhusu kwa vipimahatua vyao, na wao wako kwenye mambo haya kabla sisi hatujazaliwa. Yangu kwa mwendo huo, mikono ikiwa huru, inakosa hatua mbili tatu kwa mia. Siwezi kuilaumu.

Kisha rudia safari ile ile umeshika mkoba. Rudia ukiwa na simu sikioni. Rudia polepole. Hizo ndizo zitakazokuonyesha saa yako inavuja wapi, na uvujaji huo hauko sawa kwa kila mtu, kwa sababu hakuna wawili wanaopunga mikono sawa. Nina mwenzangu ofisini ambaye akitembea mikono yake imeganda ubavuni tangu utoto wake. Saa yoyote inamkosea adabu.

Ukiiwasha mara ya kwanza inakuuliza unaivaa mkono gani. Watu wanabofya tu wapite. Jibu kweli. Mkono usio wa kazi hutulia zaidi, kwa hivyo saa nyingi zikijua ziko kwenye mkono wa kazi hupunguza wepesi wa kuamini kila mtikisiko. Ukiwa wa kulia, ivae kushoto na uiambie hivyo. Ibane isicheze, ikiwa inazunguka mkononi, inajitikisa yenyewe. Ila wakati wa kaskazi usiikaze kupita kiasi, na ukitawadha ivue uukaushe mkanda, la sivyo utapata upele wa kuzunguka kifundo kizima.

Kilomita ni jambo jingine, na hapa uongo ni mkubwa kuliko wa hatua. Saa isiyo na GPS, ile ya kujua mahali ulipo kwa setilaiti, haijui umbali hata kidogo. Inachukua hatua zako inazizidisha kwa urefu wa hatua moja, na urefu huo imeukisia kutokana na kimo ulichoandika. Kama ulijiongezea kimo ili upendeze, umejiongezea na kilomita. Nilimwazima fundi ujenzi wa jirani tepu yake ya mita thelathini, nikatembea hatua ishirini kando yake, nikagawa. Hatua yangu ilitoka fupi kuliko saa ilivyodhani, na nikaiandika mwenyewe kwenye programu ya simu. Tangu siku hiyo nimekuwa nikitembea kilomita chache zaidi ya nusu ya nilizokuwa nikijisifia. Hapana, natia chumvi, lakini zilipungua.

Wenye GPS nao wasijione. Huku kwetu vichochoro vya Mji wa Kale vina nyumba za ghorofa zinazokaribia kugusana juu, anga unaliona kipande tu. Mawimbi ya setilaiti yanagonga ukuta huu yanarukia ule ndipo yanafika kwenye saa, kwa hivyo inakosea mahali ulipo. Nilipofungua ramani ya matembezi yangu kutoka Fort Jesus kupitia Ndia Kuu hadi nyumbani, mstari ulionyesha nimekatiza vyumba vya kulala vya watu wasiopungua nusu mtaa. Ufukweni Nyali, penye anga wazi, mstari ni safi.

Kuhusu elfu kumi, nitasema kwa ufupi maana imeshaandikwa sana. Haikutoka kwa daktari. Mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni ya Yamasa ya Japani ilitoa kipimahatua cha kufunga kiunoni kiitwacho Manpo-kei, na hizo 10,000 zilikuwa ndani ya jina la bidhaa. Namba nzuri, ya mviringo, inauzika. Shirika la Afya Duniani lenyewe halitaji hatua. Linataja dakika, 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki kwa mtu mzima. Mtafiti Catrine Tudor-Locke, ambaye hana undugu na mtaa wetu wa Tudor hapa Mombasa, ameonyesha kwamba hatua 100 kwa dakika ndicho kipimo chepesi cha mwendo wa wastani kwa mtu mzima. Ukizidisha, nusu saa yako ni hatua 3,000, na unaweza kuihakiki kwa kuhesabu dakika moja tu bila saa yoyote ya hatua.

Utafiti unaonivutia zaidi ni wa I-Min Lee wa Harvard na wenzake, uliochapishwa mwaka 2019. Waliwafuata wanawake 16,741 wa Marekani wenye wastani wa umri wa miaka 72. Waliokuwa wakipiga karibu hatua 4,400 kwa siku walikuwa na vifo pungufu kwa asilimia 41 kuliko waliopiga karibu 2,700. Faida ikaendelea kupanda hadi karibu 7,500, kisha ikatulia. Kila mtu ananukuu hizo namba. Mimi kilichonisimamisha ni kwamba wale kina mama walivaa vipimo vyao kiunoni. Hata kipimahatua cha kwanza kabisa cha kampuni ya Fitbit, cha mwaka 2009, kilikuwa cha kubana kwenye nguo. Mkononi tulihamia kwa sababu ni rahisi kuvaa na inapendeza, na njiani tukaacha kiasi fulani cha ukweli. Kwa hivyo ukichukua 7,500 za kiunoni ukazilinganisha na zako za mkononi, zenye nazi ndani yake, unalinganisha shilingi na riali.

Hilo lilinifaa kwa shangazi.

Shangazi yangu anakaa Kuze, ghorofa ya pili, na tangu goti lianze kumsumbua anatembea na mkongojo. Daktari alimwambia atembee kila siku japo kidogo, naye kila ukimuuliza anasema ametembea, na binti yake kila ukimuuliza anasema hajatembea. Nikampelekea saa yangu ikae kwake siku chache. Nikambusu mkono, nikamfunga saa kwenye ule usioshika mkongojo, tukaenda ukumbini kwa mwendo wake, taratibu, kanyagio fupi fupi, mara ashike ukuta, mara ashike meza. Nilihesabu hatua sitini. Saa ilimwandikia tisa.

"Tisa?" akauliza. "Mimi huyu?"

Nikaivua. Shangazi ni mtu wa leso, hakai nyumbani bila leso mbili, na ile ya kiunoni amezoea kufunga pesa kwenye pindo lake. Nikaomba ruhusa, nikaifunga saa kwenye fundo lile lile lililokaa juu ya nyonga ya mguu mzima, nikalikaza lisilegee. Kiuno hupanda na kushuka kila mguu unapokanyaga, hata kwa mtu wa polepole, na hakijui kama mkono umeshika ukuta. Tukarudi kwa mwendo ule ule, sitini nyingine. Safari hii ilikuwa imeandika arubaini na nane. Si kamili, lakini ni kitu cha kuanzia, na kwa kuwa itakuwa inamkosea vile vile leo na kesho, tutaona kama anapanda au anashuka.

Akaishi nayo fundoni. Niliporudi, alikuwa ameshajua kuiwasha na kuisoma, na alikuwa na malalamiko. Alikuwa ameshuka ngazi kwenda kumtazama jirani aliyejifungua, akapanda tena, na zile ngazi za Kuze mnazijua, zimesimama wima, zina giza, na kamba ndiyo ya kushikilia.

"Mwanangu," akaniambia, "ngazi moja yanipa hatua moja?"

"Ndiyo, shangazi. Hatua ni hatua."

"Ya kupanda na ya ukumbini, bei moja?"

Nikamweleza kwamba ziko saa zenye kipimo cha mgandamizo wa hewa, ukipanda juu hewa inakuwa nyepesi kidogo nayo inajua, na kila mita tatu hivi inakuandikia ghorofa moja kando na hatua. Hii yangu haina.

Akaifungua kutoka fundoni, akaipangusa kwa pindo la leso, akanitia mkononi.

"Basi niletee hiyo. Hii mpe aliyepanga chini."